Bei ya Suichi Moja: Jinsi ya Kupatana Spea za Mota Kuukuu

Jumanne moja asubuhi simu iliingia kwa wenzetu wa huduma kwa wateja. Aliyepiga ni mama mzee kutoka Kahawa Sukari, na alitaka kurudishiwa Sh6,500 alizotuma siku iliyotangulia. Mwenzetu akauliza lile swali tunalomwuliza kila mtu: "Mama, ulikosea namba?"

"Namba sikukosea," akajibu. "Nilikosea mtu."

Tuseme ukweli, kwa hilo hatuna kitufe cha kubonyeza. Kurudisha malipo ni kwa pesa iliyoteleza ikaenda kwa namba ambayo hukuikusudia, na iwe bado ipo kwenye akaunti hiyo. Ukituma kwa mtu uliyemkusudia, kisha akakuletea takataka, hayo ni makubaliano yenu wawili. Hatuwezi kuchomoa pesa mfukoni mwa mtu kwa sababu mwenzake amelalamika. Tunajua jibu hili linaudhi. Ndiyo maana, badala ya kumaliza na "asante kwa kutupigia", wawili wetu tulipanda matatu za Thika Road tukaenda kumwona, na somo la wiki hii tumelitoa huko. Ametukubalia tusimulie, ila jina lake tumeliacha. Pale kwake kila mtu humwita Cucu, hata jirani asiyejua Kikuyu, kwa hivyo na sisi tutamwita hivyo.

Wengi wanaijua Kahawa Sukari kama mtaa wa mageti na nyumba za ghorofa, kabla hujafika Ruiru ukitoka Nairobi. Lakini kwa wenyeji wa zamani bado kuna ploti zenye nafasi nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ya Cucu kuna ng'ombe watatu. Maziwa huuziwa majirani, nao wengi hulipa kwa simu mwisho wa wiki. Ng'ombe hao hula nepia iliyokatwakatwa na mashine, na mashine inazungushwa na mota ya umeme ya nguvu za farasi 2 ambayo marehemu mumewe aliinunua ikiwa tayari imetumika. Mota hiyo ilipokufa, kijana wa kazi alirudi kwenye panga. Kazi ya dakika ishirini ikawa ya saa mbili, vipande vikawa virefu, ng'ombe wakaanza kuchagua na kuacha, na maziwa yakapungua. Kwa Cucu mota ni mshahara.

Fundi wa kwanza aliitazama bila kuifungua akasema koili zimeungua, dawa ni kununua mota nyingine. Ati anamjua jamaa anayeuza "za Ulaya". Picha ikaja kwa WhatsApp, mota inang'aa rangi ya kijani. Bei Sh8,000, ikashuka hadi Sh6,500, Cucu akajiona ameshinda. Akatuma kwa namba ya mtu binafsi. Mota ikaletwa na bodaboda jioni hiyohiyo, mwenye boda akashusha akaondoka. Kuanzia hapo simu ya muuzaji haikushikwa tena.

Tulipofika tulimkuta fundi wa pili, kijana mpole wa Githurai, akiwa amekwangua ile rangi ya kijani na kusoma kilichokuwa chini yake.

Soma kibati kwanza

Kila mota ina kibati kidogo kilichopigwa ubavuni. Watu hukiona kama pambo, kumbe ndicho kitambulisho chake. Kibati cha mota ya zamani ya Cucu kilisema: volti 240, hezi 50, kilowati 1.5, mizunguko 1,440 kwa dakika. Kile kilichokuwa chini ya rangi kilisema: kilowati 0.75, mizunguko 2,850.

Kwa lugha ya nyumbani, alinunua mota yenye nusu ya nguvu na karibu mara mbili ya mwendo. Kilowati 0.75 ni nguvu moja ya farasi, na 1.5 ni mbili. Hilo la mwendo ndilo lililotutia baridi. Ukiifunga mota ya 2,850 kwenye puli ileile iliyokuwa ikiendeshwa na ya 1,440, visu vya mashine vitazunguka karibu mara mbili ya vilivyopangiwa, na anayelisha nyasi kwa mkono ni kijana wa watu. Kwa bahati, hata kuwaka haikuwaka. Fundi aliipima kwa mita, akakuta waya za ndani zinagusa bodi, yaani ukiishika ikiwa kwenye umeme inakupiga wewe.

Cucu akasema basi angalau aiuze kwa kilo apate hata nauli. Tukamwomba asiiguse. Hiyo mota, ile picha ya WhatsApp na ule ujumbe wa malipo ndio ushahidi alio nao. Viwekwe pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya spea yoyote, piga picha kibati cha mota yako, iwe kwenye simu yako na si kwenye kichwa cha fundi. Kama kibati kimeng'oka, fundi anaweza kupima shafti na kuhesabu mengine, lakini itachukua muda na mabishano.

Halafu fungua mota. Fundi wa pili aliifungua ile ya zamani mbele yetu, dakika kumi tu, na koili zilikuwa nzima kabisa: waya nyekundu ya shaba, vanishi haijawa nyeusi, hakuna harufu ya kuungua. Kilichokufa ni vitu vitatu vidogo. Beringi mbili zilikuwa zimekauka hadi moja ikakataa kuzunguka. Kapasita ya kuanzishia ilikuwa imefura na kupasuka. Na suichi ya ndani, ile inayokaa kwenye shafti na kufunguka kwa nguvu za mzunguko, ilikuwa imeliwa.

Hiyo suichi tuieleze, kwa sababu ndiyo iliyotupeleka sokoni. Mota ya namna hii haiwezi kuanza yenyewe, inahitaji kusukumwa. Kapasita ndiyo humsukuma huyu mzee ainuke. Akishachukua mwendo, akifika kama robo tatu ya kasi yake, vijiwe viwili kwenye shafti hutanuka kwa nje, suichi inafunguka, na kapasita inatolewa kazini. Suichi ikigandamana isifunguke, kapasita inaendelea kusukuma mtu ambaye tayari anakimbia. Inachemka, inafura, inapasuka. Ungebadilisha kapasita peke yake, ingekufa tena wiki hiyohiyo, na ungemlaumu aliyekuuzia.

(Kapasita iliyotolewa inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuzima suichi ya ukutani. Mwache fundi aitoe umeme huo kwanza. Usiichezee, na watoto wasiikaribie.)

Kipi kiwe mtumba, kipi kisiwe

Hapa tulibishana kidogo na Cucu, maana yeye alitaka kila kitu kiwe cha mtumba ili abane matumizi. Fundi akamwuliza, "Cucu, wewe unaweza kununua mswaki uliotumika?" Akacheka, likaisha.

Beringi ununue mpya. Iliyotumika huwezi kuijua umri kwa macho, inaweza kuzunguka vizuri mkononi na kulia ikibebeshwa mzigo. Kapasita nayo mpya, kwa sababu huzeeka hata ikiwa imekaa tu kwenye rafu. Lakini suichi, feni ya nyuma, kifuniko cha feni, puli na boliti, hivyo vya mtumba havina shida. Tena kwa mota kuukuu suichi mpya inayolingana ni kazi kuipata, kwa hivyo unaifuata kwenye mota nyingine iliyokufa ya aina yake.

Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake, na kuisoma ni rahisi kuliko inavyoonekana. Za Cucu zilikuwa 6205. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, unapata upana wa tundu kwa milimita: 05 ni milimita 25, 04 ni milimita 20. Kanuni hii inaanzia 04 kwenda juu. 6203, kwa mfano, ni milimita 17, usizidishe. Herufi za mwisho zinaeleza kifuniko: ZZ ni cha bati, 2RS ni cha mpira. Kwa mashine ya nyasi yenye vumbi na majimaji, fundi alichagua cha mpira. Ukiingia dukani ukasema "nataka 6205 2RS mbili", muuzaji anajua hujapotea njia, na bei ya kwanza anayokutajia huwa tofauti na ile ya mtu anayesema "nipee beringi ya mota".

Mota iliyokufa ina bei mbili

Tulienda Githurai kwa jamaa anayeuza mota zilizokufa. Zilikuwa kama thelathini, zimepangwa chini ya mabati, nyingine hazina vifuniko. Fundi akapita polepole akisoma vibati, akaegemea moja: kilowati 1.5, mizunguko 1,440, shafti ya milimita 24 kama ya Cucu. Mizunguko lazima ilingane kwa sababu vijiwe vya suichi vimepimwa kwa kasi. Suichi ya mota ya 2,850 ingechelewa kufunguka kwenye mota ya 1,440, au isifunguke kabisa.

Kosa letu sisi wawili lilikuwa kuonyesha furaha. Mmoja wetu alisema "hii hapa!" kwa sauti, na muuzaji akaja akipangusa mikono.

"Hiyo ni elfu nne na mia tano, boss."

"Tunataka suichi peke yake," fundi akasema.

"Suichi siuzi. Nikitoa suichi, hii nyingine nimfanyie nini? Kama lazima, niletee thao mbili."

Elfu mbili kwa kibati cha suichi kinachoenea kwenye kiganja. Tuliangaliana. Silika yetu, na tunakiri tumesomea masoko chuoni miaka minne, ilikuwa kusema "punguza, tupe kwa elfu moja", yaani kukata nusu halafu kupanda mia mia hadi mkutane. Wengi wetu ndivyo tunavyopatana, kuanzia sukuma hadi viatu. Shida ni kwamba nusu ya bei iliyotolewa hewani nayo ni bei ya hewani.

Cucu hakutaja bei. Aliuliza swali.

"Kijana wangu, hii mota ukikosa mteja, unaipeleka wapi?"

"Kwa vyuma chakavu, Cucu. Kwa kilo."

"Kilo ya shaba leo ni ngapi?"

"Mia saba."

"Na humu ndani ziko ngapi?"

Akakuna kichwa. Mbili hivi. Na chuma? Kama kumi na nane, kwa 35. Mmoja wetu akapiga hesabu kwenye simu: shaba 1,400, chuma 630, jumla 2,030. Hizo ni bei alizotaja yeye siku hiyo. Zako zitakuwa nyingine, uliza papo hapo.

"Basi nikichukua hicho kibati changu," Cucu akasema, "shaba yako si inabaki? Chuma chako si kinabaki? Kesho ukipima, mizani itakuambia nimekuibia nini?"

Sisi tulikuwa hatujaona hilo. Mota iliyokufa ina bei mbili. Ya kwanza ni ya mtu anayetaka kuisuka upya koili aitumie, huyo anaihitaji ikiwa na viungo vyote. Ya pili ni ya mizani, na mizani haijali suichi. Sakafu ya muuzaji ni ile ya mizani: chini ya hapo hatauza mota nzima hata ulie. Lakini suichi haimo kwenye sakafu hiyo. Chochote atakachopata kwa suichi kinakaa juu ya 2,030 zake, ukitoa jasho la kuifungua.

Muuzaji naye hakuwa mjinga, na jibu lake lilikuwa la haki. "Cucu, hesabu yako ni sawa. Lakini fundi wa kurewaindi akija kesho, angenipa tatu, tatu na nusu kwa mota iliyo kamili. Nikiitoa suichi huyo simpati tena."

Kwa hivyo sasa mazungumzo yalikuwa na kitu cha kushika. Bei halali ya suichi si sifuri, na si elfu mbili. Ni ile nafasi anayoipoteza ya kumpata mteja wa kusuka, na hiyo inategemea mota imekaa pale muda gani. Fundi akamwuliza. Miezi mitano. Vumbi lenyewe lilikuwa limeshatoa ushahidi.

"Mia tano," Cucu akasema sasa, kwa mara ya kwanza.

"Mathe, ongeza. Elfu moja na nafungua mimi mwenyewe."

"Fundi wangu anafungua. Na hicho kifuniko cha feni?"

Wakafika mia saba na themanini, na kifuniko cha feni juu. Tunasisitiza "na kifuniko juu" kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kufunga mabishano pale muuzaji anapokataa kushuka tena. Kitu ambacho kwake ni takataka na kwako kina kazi kinaweza kuziba pengo la mwisho bila mtu kujisikia ameshindwa. Kifuniko cha Cucu kilikuwa kimepasuka tangu mwaka jana, kuku wakipitisha vichwa pale.

Mbao ya till

Muuzaji akataja namba yake ya simu ili atumiwe. Cucu, aliyekuwa bado na kidonda cha Sh6,500, akasema anataka kulipa kwa till. Muuzaji anayo, ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kalenda, ila akalalamika juu ya makato na kwamba pesa ya till inamchelewesha. Hatukubishana naye kwa niaba ya kampuni, ingawa tulitamani. Cucu akamaliza mambo: "Basi nitaongeza mbao."

Mia nane, kwa till. Shilingi ishirini alizoongeza zilinunua nini? Kabla ya kuweka PIN, jina la biashara lilitokea kwenye simu yake, akalisoma kwa sauti na kulilinganisha na lile la ukutani. Ujumbe ulioingia una jina hilo, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Kisha tukamwomba muuzaji amtumie ujumbe mfupi wa kawaida: "Nimeuza suichi ya mota 1.5 kW kwa 800, ikikataa ndani ya siku tatu arudishe abadilishiwe." Aliandika kwa Sheng, lakini maana ilikuwa hiyo. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Maelezo yaliyosemwa kwa mdomo kando ya barabara ni vigumu kuyathibitisha. Yaliyo kwenye simu yapo.

Kuna sababu nyingine ya kutaka jina la biashara, nayo ni nzito zaidi. Vyuma vya mtumba na wizi wameishi nyumba moja muda mrefu hapa kwetu. Tuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inayotaka wafanyabiashara wake wawe na leseni, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Pampu ya maji ya jirani ikiibwa usiku, asubuhi inaweza kuwa imelala chini ya mabati fulani ikisubiri wewe. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kikiangalia kama ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua kwamba kitu kimeibwa. Kwa hivyo uliza ilitoka wapi. Bei ikiwa ya kutupa mno, kibati kimekwanguliwa, na muuzaji anataka noti mkononi na uondoke haraka, ondoka haraka kweli, lakini bila mota.

Pesa tatu, mazungumzo matatu

Beringi na kapasita zilinunuliwa na fundi peke yake siku iliyofuata, sisi tukiwa ofisini na Cucu akiwa kwake. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na hatusemi mafundi ni wezi. Tunasema mpangilio wenyewe unawaalika. Ukimwambia fundi "chukua elfu nne, nunua kila kitu, yako itoe humo", umempa sababu ya kununua beringi ya bei ya chini kabisa, au kuweka cha juu kwenye kila risiti. Yeye naye ana watoto. Umekataa kumlipa ufundi wake waziwazi, kwa hivyo anajilipa kwa siri.

Cucu na fundi walikaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni wakatenganisha pesa. Ya spea. Ya ufundi. Ya nauli. Kila moja ikapatanwa peke yake. Ufundi fundi alitaka Sh1,800, wakakubaliana 1,500: elfu moja mota ikianza kuzunguka, na mia tano baada ya siku saba ikiwa bado inazunguka. Tulishangaa fundi alivyokubali upesi hiyo mia tano ya mwisho. Alituambia baadaye kwamba mteja anayelipa ufundi bila kununa humwita tena, na yeye anaijua kazi yake.

Za spea hazikupitia kwake kabisa. Akiwa dukani alimpigia Cucu, akataja bidhaa na bei, akasoma namba ya till. Cucu akalipa kutoka jikoni kwake, jina la duka likatokea, akamwuliza fundi, "Hapo ulipo pameandikwa hivyo?" Pameandikwa. Beringi zilikuwa 450 kila moja, mbili zikaachwa kwa 800. Kapasita 650, haikushuka hata shilingi. Muuzaji alisubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe na hakukubali kuonyeshwa kwenye simu ya fundi. Alifanya vizuri, maana ujumbe wa kughushi ni ugonjwa unaowapata wenye maduka kila siku.

Wazazi wetu wanakumbuka kabla ya 2007, ungempa fundi noti asubuhi na kumngoja hadi jioni ukiwa na imani tu. Sasa mlipaji anaweza kuwa Kahawa Sukari na spea iko Nyamakima, na bado pesa isipite mkono wa tatu. Ajabu ni kwamba wengi wetu bado tunamtumia fundi pesa yote kwa namba yake, kana kwamba ni ile noti ya zamani.

Jumla basi: suichi 800, beringi 800, kapasita 650, ufundi 1,500, nauli 200. Sh3,950.

Mota ilifungwa Alhamisi. Fundi aliizungusha kwanza kwa mkono, ikazunguka bila sauti. Kisha akaiwasha bila mkanda, nasi tukasikiliza: mngurumo, halafu "tak" moja ndogo ya suichi ikifunguka, halafu mwendo uliotulia. Akatusimamisha pale, akaizima na kuiwasha mara tano, na mara zote tano "tak" ikaja. Ndipo akafunga mkanda, akaulegeza kidogo kuliko ulivyokuwa. Alisema mkanda uliokazwa mno ndio ulioila beringi ya upande wa puli.

Alhamisi iliyofuata Cucu alimtumia fundi ile mia tano iliyobaki, kisha akatupigia. Nyasi zinakatwa, ng'ombe wameacha kuchagua. Kuhusu zile Sh6,500, alipeleka kituoni mota ya kijani, picha na ujumbe wa malipo, akapewa namba ya OB. Polisi wakileta ombi rasmi la rekodi za muamala, sisi tutawapa. Mpaka tunapoandika haya, pesa hiyo haijarudi, na Cucu ametuomba tuiandike hivyohivyo.